Kichuguu Nyuma ya Zizi

Nyumbani kwetu mtandao ulishika sehemu moja tu, kwenye kichuguu kilicho nyuma ya zizi la ng'ombe. Tena si kichuguu kizima. Ni ule ubavu wa magharibi unaotazama Bariadi mjini, mkoani Simiyu, na hata hapo ilibidi usimame wima, maana ukichuchumaa tu simu inaandika hakuna huduma. Mdogo wangu wa darasa la saba ndiye aliyekigundua, kwa sababu alikuwa akichunga na kitochi cha baba kikikaa mfukoni mwake. Aprili 2020 kichuguu kile kilikuwa ukumbi wangu wa mihadhara. Nilikuwa mwaka wa pili wa ualimu, katika chuo kikuu kimoja cha Dar es Salaam.

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa tarehe 16 Machi, Arusha. Kesho yake Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangaza kufungwa kwa shule kwa siku 30, na tarehe 18 ikawa zamu ya vyuo. Hosteli ilijaa kelele za mabegi. Wengi wetu tulichukulia kuwa ni likizo iliyotangulia wakati wake. Nikaweka nguo, nikaweka madesa ya kozi mbili kati ya saba, mengine nikayafungia kabatini nikijiambia kwamba ndani ya mwezi nitakuwa nimerudi. Kabati lile nililifungua Juni. Nimelifikiria mara nyingi kuliko kosa lolote jingine la mwaka ule.

Basi letu lilitoka Ubungo alfajiri, likapita Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega, Shinyanga. Mwigumbi tukaiacha barabara ya Mwanza, tukakamata ya Maswa, na gizani nikaisikia harufu ya mashamba yaliyonyeshewa. Abiria jirani yangu, mama wa makamo, alitafuna tangawizi safari nzima na kunigawia vipande bila kuniuliza. Hakuna aliyekohoa bila kugeuziwa shingo na basi zima.

Mvua za mwaka ule watu wa Kanda ya Ziwa wanazikumbuka. Ziwa Victoria lilipanda hadi kiwango ambacho wazee wa Lamadi na Busega walikilinganisha na kile cha mvua za miaka ya sitini. Kwetu udongo wa mbuga, ule mweusi, ulikuwa ukishika gurudumu la baiskeli mpaka unalazimika kuibeba baiskeli badala ya yenyewe kukubeba. Lakini kilichoniumiza zaidi ni mawingu. Umeme haukuwa umefika kwetu. Simu tulichaji kwa sola ndogo iliyolala juu ya bati la jikoni, na siku ya mawingu sola ile ilitoa chaji ya kuwasha taa moja na kusikiliza taarifa ya habari. Hapo ndipo nilipogundua kwamba masomo yangu yanategemea anga, sawasawa na pamba ya baba.

Niseme wazi: chuo chetu hakikuwa na mpango wa kufundisha kwa mtandao. Vyuo vingi nchini vilikuwa hivyo. Agizo lilikuwa kufunga, na tukafunga. Kilichoendelea kiliendelea kwa moyo wa walimu wachache. Mmoja wao, aliyetufundisha kozi ya upimaji na tathmini, alianza kurekodi sauti yake na kuituma kwenye kundi la WhatsApp la kozi, pamoja na mafaili ya maandishi. Hakulipwa kwa kazi ile. Katika rekodi zake nilikuwa nikisikia jogoo akiwika na mtoto akimwita, naye akisema, "Subiri kidogo, baba," kisha anaendelea na somo. Namheshimu mpaka leo. Ila kundi lilikuwa na watu zaidi ya mia mbili. Akituma rekodi ya dakika ishirini, nyuma yake zinafuata salamu, dua, dawa za kujifukiza, picha za malimao, tetesi kwamba vyuo vinafunguliwa Jumatatu, halafu mtu anauliza: "Jamani rekodi ya leo iko wapi?" Ili kuifikia rekodi moja nilipakua kwanza kila kilichotumwa kabla yake, na bando linaisha kabla sijasikia neno la somo.

Bando nalo lilikuwa na hesabu yake. Bumu, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu, lilikuwa limesimama, kwa kuwa fedha ile, wakati huo shilingi 8,500 kwa siku, ni ya chakula na malazi ya mtu aliye chuoni. Kuomba shilingi elfu moja nyumbani mwezi wa nne, wakati akiba ya mwaka jana imekwisha na pamba ya mwaka huu haijapasuka, ni jambo ambalo mtoto wa mkulima halifanyi mara mbili kwa wiki. Nilianza kuchagua. Faili likiwa kubwa, naliacha. Nilikuwa na mafaili matatu yaliyokwama nusu, na kila asubuhi nilipanda kichuguuni kuyajaribu tena, nikisimama na mkono umeinuliwa, umande ukinilowesha miguu, ng'ombe wakinitazama kutoka zizini.

Tena kichuguu hakikuwa changu peke yangu. Saa moja asubuhi utawakuta watu watatu, wanne wamekwisha kufika: mmoja anatafuta ujumbe wa pesa iliyotumwa na mwanawe Mwanza, mwingine anampigia fundi. "Mwangaluka," wanasalimia, nami naitikia, tunapeana nafasi ya kusimama kwenye ule ubavu wenye mtandao. Siku moja jirani yetu alinipa simu yake nimsomee ujumbe. Ulikuwa ujumbe wa kampuni ya simu kumkumbusha kunawa mikono. Akacheka, akasema alidhani ni pesa, halafu akaniuliza kwa upole, "Na wewe, mwanangu, unasubiri nini hapa kila siku?" Nikamjibu nasoma. Akatazama simu, akatazama kichuguu, akasema, "Mungu akusaidie." Hakuwa akinidhihaki.

Mama naye hakuwa mkatili. Lakini msichana wa miaka ishirini na moja akirudi nyumbani mwezi wa tatu, amerudi kwenye palizi, kwenye kupulizia pamba dawa, kwenye maji na kuni na mtoto wa shangazi aliyeachwa hapo. Kaka yangu akiwa amejilaza chini ya mwembe anapumzika; mimi nikikaa na simu chini ya mwembe uleule, nina nafasi ya kutumwa. Kwa mama, aliyeshika jembe anafanya kazi, aliyeshika daftari anasoma, na aliyeshika simu anachezea bando. Nilipolitambua hilo nilibadili mbinu: kila nilichopakua kichuguuni nilikinakili chote kwenye daftari kubwa la kaunta, kwa mkono, jioni, kwa taa ya sola. Ilichukua muda mrefu mno. Lakini mama akiniona na daftari alikuwa akisema kwa sauti ya chini, "Mwacheni, anasoma," na jirani akija kuazima chungio anaambiwa apite kwa nyuma. Daftari lile ninalo mpaka leo. Kurasa zake za Aprili zina madoa ya mafuta ya taa, kwa sababu siku za mawingu tulirudi kwenye koroboi.

Tarehe 14 Aprili, naikumbuka kwa kuwa niliiandika pembeni mwa ukurasa, nilikwama. Mwalimu alikuwa ameeleza namna ya kupima jinsi alama za darasa zinavyotawanyika kutoka kwenye wastani. Niliisikiliza rekodi mara nne. Niliiandika kanuni, nikaweka namba, nikapata jibu, na sikujua jibu lile lina maana gani. Nikaandika ujumbe kwa heshima zote: "Shikamoo mwalimu, samahani, naomba kuuliza." Nikabonyeza kutuma. Ikatokea tiki moja ya kijivu. Nikashuka kichuguuni, nikaenda shambani, nikarudi jioni: tiki moja. Kesho yake, tiki moja. Siku ya nne ilikuwa tarehe 17, siku ya kwanza kati ya tatu ambazo Rais Magufuli aliwaomba Watanzania wamuombe Mungu juu ya janga lile, na nyumbani tulikuwa tunasali. Baada ya sala nikapanda tena. Tiki moja. Baadaye nilikuja kujua kwamba mwalimu mwenyewe alikuwa amesafiri kwao, mahali pasipo na mtandao. Alikuwa na kichuguu chake. Lakini siku ile sikulijua hilo, na niliketi chini ya kichuguu nikalia.

Babu ndiye aliyenikuta. Babu aliniita mke wangu, kama mababu wote wanavyowaita wajukuu wao wa kike, na tulikuwa na utani mwingi, ila siku ile hakunitania. Alikaa kwenye kigoda chake, akanitaka nimwekee rekodi ile. Akasikiliza dakika kadhaa, mkono umekinga sikio.

"Mke wangu, huyu mwalimu anakusikia?"

"Hanisikii, babu. Alirekodi wiki iliyopita."

"Basi ni redio. Sasa kundi lako liko wapi?"

Nikadhani anasema kundi la WhatsApp, nikaanza kumweleza. Akatikisa kichwa. Ndipo akanieleza habari za mwaka 1973, wakati huo sisi tukiwa Mkoa wa Shinyanga, na kampeni ya Mtu ni Afya. Jina nilikuwa nimelisikia darasani, kwenye kozi ya elimu ya watu wazima, mstari mmoja wa desa ambao nilikuwa nimeukariri kwa ajili ya mtihani. Sikujua kwamba babu yangu alikuwemo ndani ya mstari ule.

Kwa wiki 12, kipindi kilirushwa na Radio Tanzania. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilikuwa imeandaa vitabu vidogo, na kufundisha viongozi wa vikundi nchi nzima. Watu wapatao milioni 2 walishiriki. Kwa babu, milioni 2 zile zilikuwa watu kumi na watano chini ya mkuyu, redio moja, na kiongozi wa kikundi, kijana aliyejua kusoma vizuri basi, hakuwa na zaidi. Walianza kwa kusikiliza. Redio ikinyamaza, kijana anasoma kitabu kwa sauti. Kisha wanabishana. Wiki moja kichocho, wiki nyingine minyoo, nyingine malaria. Babu alisema kulikuwa na mzee mmoja aliyekataa katakata kwamba kichocho kinatoka majini, akaitukana redio, na redio haikumjibu. Waliomjibu ni wenzake, jioni tatu mfululizo, mpaka akatoka yeye mwenyewe kwenda kufyeka majani ya lambo. "Redio huwezi kuiuliza," babu aliniambia. "Tulikuwa tunaulizana sisi." Kisha akanipeleka nyuma ya nyumba ya zamani, akanionyesha kwa fimbo mahali palipobonyea, pamefunikwa na majani. Ni choo walichochimba mwaka ule, watu kumi na watano, boma kwa boma. Kampeni ile iliacha mamia ya maelfu ya vyoo nchini. Kimoja ni kile.

Nilikuwa nimeamini, pamoja na karibu kila mtu niliyemsikia akizungumza mwaka ule, kwamba kusoma kwa mbali ni jambo jipya lililoletwa na korona, na kwamba sisi wa Simiyu limetupita kwa sababu hatuna minara. Kumbe nchi hii ilikuwa imelifanya kabla mama yangu hajazaliwa. Taasisi ileile ya Elimu ya Watu Wazima ilifundisha watu kwa posta katika miaka hiyo ya 1970. Mwaka 1992 Bunge likatunga sheria ya kuanzisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, wanafunzi wa kwanza wakaanza 1994 chini ya Profesa Geoffrey Mmari, na tangu hapo walimu, wauguzi, askari na makarani wa mikoani wamechukua shahada wakiwa kazini kwao. Mbali si tatizo geni kwetu. Nilichokosa kichuguuni, zaidi ya mtandao, ni mtu wa kuketi naye.

Basi nikaanza kutafuta watu. Kilichonishangaza ni ugumu wa kuwapata. Chuo kinamjua mwanafunzi kwa kozi na namba ya usajili. Hakuna CR, yaani kiongozi wa darasa, wa Bariadi, hakuna CR wa Maswa. Wanafunzi wa vyuo vikuu waliorejea wilayani kwetu mwezi ule walikuwa wengi, kila mmoja kwenye kichuguu chake, na hakuna aliyemjua jirani yake. Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu orodha ipo. Mtoto wa maskini anapoomba mkopo wa elimu ya juu, fomu yake inataka kijiji, kata na wilaya, na mtendaji anagonga muhuri. Nchi inajua mimi ni wa kijiji gani inaponikopesha. Ikija siku nyingine ya kufunga vyuo, naomba orodha hiyo ifunguliwe siku ya kwanza, kila mwanafunzi, kwa ridhaa yake, aambiwe: wenzako walio karibu ni hawa. Haigharimu mnara. Haihitaji hata simu janja.

Mimi nilisaidiwa na bodaboda. Yule aliyekuwa akileta dawa za pamba kijijini alimjua binti mmoja wa mjini aliyekuwa anasoma Mwanza. Binti yule alimjua kijana wa Dodoma. Kijana wa Dodoma alipanga chumba jirani na mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa miaka arobaini na kitu, aliyekuwa mwaka wa tatu Chuo Kikuu Huria. Na mwalimu yule ndiye aliyetukaribisha kwake Somanda, kila Jumamosi saa nne. Mwisho akaongezeka kijana wa mwaka wa kwanza, mkimya, aliyekuja na baiskeli kutoka mbali kuliko mimi. Tukawa watano.

Kwangu ilikuwa mwendo wa saa moja na nusu kwa baiskeli, pakiwa pakavu. Getini kwa Mwalimu kulikuwa na kibuyu chirizi: dumu la lita tano limening'inizwa kwa kamba, limetobolewa kwa msumari, chini yake kijiti cha kukanyaga, na sabuni ya kipande imefungwa kwenye soksi ya nailoni. Unakanyaga, maji yanatiririka, unanawa, hakuna unapogusa. Ndani ya ua alikuwa ameweka vigoda vitano, kila kimoja mbali na mwenzake, na mkewe alituletea michembe kwenye visahani vitano badala ya sinia moja. Kwa Msukuma kula kila mtu na sahani yake ugenini si jambo dogo. Tulilikubali.

Kozi zetu hazikufanana hata kidogo. Nilitarajia hilo litakuwa kikwazo, nalo ndilo lililotufaa. Mtu wa uhasibu akikueleza kozi yake wewe wa ualimu, hawezi kujificha kwenye maneno ya darasani; akishindwa kukuelewesha, wote wawili mnajua bado hajaelewa. Lakini kabla ya yote Mwalimu alikuwa na swali lake, analiuliza kwa kila mmoja, kwa zamu, kalamu mkononi: "Umefika wapi?" Hakuuliza umesoma nini, wala una shida gani. Umefika wapi. Unataja ukurasa, anaandika. Jumamosi inayofuata anasoma alichoandika, anakuuliza tena. Alituambia kwamba miaka yake mitatu ya Huria imemfundisha kuwa anayesoma mbali na chuo anaweza kukosa kitabu akaazima, anaweza kukosa umeme akasoma mchana, lakini akikosa wa kumuuliza amefika wapi, ataacha bila yeye mwenyewe kujua siku aliyoacha.

Siku ya pili nilitoa swali langu la tarehe 14. Mwalimu hakuifahamu kanuni ile. Aliniuliza kinachotafutwa ni nini, nikasema ni kujua alama zimetawanyika kiasi gani. Akanyanyuka, akachora kwa kijiti kwenye udongo mistari miwili.

"Hawa wakulima wawili wameleta pamba kwenye AMCOS," akasema, yaani chama cha ushirika. "Kila mmoja magunia matano. Huyu wa kwanza kilo zake ni 39, 40, 41, 40, 40. Huyu wa pili 20, 60, 35, 45, 40. Wastani?"

Tukajumlisha. Mia mbili kwa mia mbili. Wastani 40 kwa 40.

"Wako sawa?"

Kijana wa mwaka wa kwanza, ambaye hakuwa amefungua mdomo tangu afike, alisema: "Hawako sawa. Wa kwanza gunia lake lolote ukilibeba unajua umebeba nini. Wa pili hujui." Alisema hivyo tu. Nikachukua kijiti, nikapiga kanuni yangu hapohapo udongoni kwa magunia ya wakulima wale wawili: kwa wa kwanza ikatoka namba ndogo isiyofika hata kilo moja, kwa wa pili kilo 13 na kidogo. Nikaelewa. Kwa mara ya kwanza namba ile ilikuwa na uzito wa kubebeka. Mpaka leo, nikifundisha kidato cha tatu takwimu, naanza na magunia yale, na watoto wa wakulima wa pamba hawanipi shida.

Tulikutana Jumamosi tano. Nchi ilikuwa kwenye wasiwasi. Takwimu za mwisho zilizotangazwa zilikuwa wagonjwa 509 na vifo 21, na baada ya hapo tuliishi kwa tetesi na kwa misiba. Tulimzika jirani mmoja, watu wachache, bila kukaa matanga. Mdogo wangu, ambaye alitakiwa awe anajiandaa na mtihani wa taifa, aliambiwa masomo yanarushwa kwenye runinga. Nyumbani hapakuwa na runinga, akachunga. Jumamosi nikirudi kutoka Somanda nilikuwa napita naye daftarini kwa swali lilelile la Mwalimu, na alikuwa analisubiri barabarani na ng'ombe wake.

Kwa majirani zetu mambo yalikuwa marefu zaidi. Uganda walifunga shule Machi 2020 na hazikufunguliwa kikamilifu mpaka Januari 2022. Kenya vyuo kadhaa viliendelea kwa mtandao miezi mingi. Duniani UNESCO ilihesabu wanafunzi zaidi ya bilioni 1.5 waliokuwa nje ya madarasa mwezi ule wa nne. Nimewasoma na kuwasikia wengi wao tangu hapo, na wanachosimulia kwanza ni bando na umeme, kama mimi. Ukiwaacha waendelee, wanafika kwenye tiki ya kijivu.

Tarehe 21 Mei Rais alitangaza kwamba vyuo vitafunguliwa 1 Juni, pamoja na kidato cha sita. Siku 75 za kufungwa zingeishia hapo. Baba aliuza beberu nikapata nauli. Pamba ilikuwa imeanza kupasuka na sikukaa kuivuna. Msimu ulipofunguliwa bei ilikuwa shilingi 810 kwa kilo, wakati mwaka uliotangulia ilikuwa 1,200, na mama aliniambia kwenye simu kwamba wameitenga safi na fifi kwa uangalifu kuliko mwaka wowote, na bado. Chuoni muhula ulibanwa, vipindi mpaka usiku, mitihani ikafuata mbio. Kozi ya upimaji nilifaulu vizuri. Mbili kati ya nilizoziacha kabatini nilizipata kwa shida, moja kwa sup, yaani mtihani wa marudio. Wenzangu wa Mwanza na Dodoma nao walivuka. Mwalimu alimaliza Huria, na sasa ni mwalimu mkuu.

Wa tano hakurudi chuoni.

Aliacha kuja Jumamosi ya nne. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, tukasema bila shaka njia imemshinda. Jumamosi ya tano tukasema labda anavuna. Mwalimu alisoma kwenye karatasi yake: "Huyu alifika ukurasa wa 62," akaiweka alama pembeni, tukaendelea na mengine. Namba yake ya simu tulikuwa nayo wote wanne. Mimi nilikuwa napanda kichuguuni kila siku, na kutoka pale ningeweza kumpigia. Sikumpigia. Nilikuwa na mafaili yangu ya kupakua.

Nilisoma Simiyu wakati wa makambi ya kitaaluma, pale mkoa chini ya mkuu wa mkoa wa wakati huo, Anthony Mtaka, ulipokuwa ukikusanya wanafunzi wa madarasa ya mitihani na walimu kutoka shule mbalimbali wakae pamoja wiki kadhaa. Kambini mtu akikosekana kwenye mstari wa asubuhi anafuatwa bwenini. Hatukupenda. Sasa ni mwalimu, na orodha ya mahudhurio ndicho kitu cha kwanza ninachoshika asubuhi, na mtoto akikosa siku ya pili nampigia mzazi, na siku ya tatu nakwenda. Wenzangu wananiambia najichosha.

Mwaka jana mnara ulisimamishwa kijijini kwetu na kichuguu kikabaki cha mbuzi. Nilipokwenda likizo nilipanda hata hivyo, nikatafuta namba ile kwenye simu, sikutarajia kuwa bado inatumika. Ikaita. Akapokea. Yuko machimboni, Geita. Tulisalimiana, tukaulizana habari za nyumbani, akasema nimebadilika sauti. Kisha akauliza, "Nyie mlikutana mpaka lini?"

Nikamwambia mpaka wiki ya kuondoka.

"Mimi nilidhani mmeacha," akasema. "Baiskeli ilivunjika fremu. Nilisubiri mtu apige, sikuona simu, nikajua mmeacha."

Nikamuomba radhi. Alinyamaza, karasha likinguruma nyuma yake, na kwa muda nilidhani mtandao umekata. Halafu akauliza kama Mwalimu bado anakaa Somanda. Nikasema bado, nyumba ileile. Akaniambia nisubiri atafute kalamu, nimtajie namba yake.